Kibaraza cha Mafundi Wawili

Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, pikapu mbili ziliingia uwanjani kwa kina Hovland, moja nyuma ya nyingine. Lavonne alikuwa dirishani na kikombe chake cha kahawa.

"Mungu wangu," akasema, "wamekuja wote!"

"Wote nani?" akauliza mumewe, Kurt, mdomo umejaa mkate.

"Mafundi wa kibaraza."

"Si ulisema wamekataa?"

"Walikataa! Myron aliniambia 'tutaona.' Reino akaniambia 'huenda.' Sasa kama huko si kukataa, ni nini?"

Kurt alitafuna akifikiri, na hakuona kosa la mkewe. Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota mtu akikwambia "tutaona" ujue ameshakunyima, na humwulizi tena mpaka mmoja wenu azikwe. Lavonne alianza na Myron, wiki moja nyuma, pale kwenye kahawa ya baada ya ibada. Alimwomba vile tunavyoombana sisi. Alianza na mvua, akaja kwenye mahindi, akauliza habari za goti la mke wake, na alipokwisha kuvaa koti ndipo akasema kibaraza chao kimechakaa kidogo, ila hakuna haraka hata chembe, wakati wowote akipata nafasi, na asipoipata pia ni sawa tu. Myron akasema tutaona. Siku mbili baadaye Lavonne akamkuta Reino kwenye duka la misumari, akaimba wimbo uleule.

Haraka ilikuwepo, tena ya kukaba koo. Wiki sita zilizopita Ardis, mama yake Kurt, mwenye miaka themanini na sita, alikanyaga kidato cha tatu cha kibaraza hicho na mguu ukatumbukia wote mpaka pajani. Nyonga ikavunjika. Akapasuliwa, akaungwa, akapelekwa kwenye nyumba ya mazoezi ya kutembea tena, na siku zake pale zilikuwa zinaisha Ijumaa hii. Ijumaa saa tisa alasiri muuguzi angekuja kukagua mlango wa kuingilia: ngazi imara, na vishikio pande zote mbili. Vikiwepo, Ardis anarudi nyumbani. Visipokuwepo, chumba kilikuwa kimeshatandikwa kwenye nyumba ya wazee ya Karlsby, maili sitini, na wa Karlsby tunawajua, huwa hawarudi.

Na Lavonne alimtaka arudi. Watu walidhani anasema hivyo kwa adabu ya mkwe, lakini Lavonne alimtaka kama mtu anavyotaka hewa. Ardis ndiye binadamu pekee hapa Nordby anayesema anachokitaka. Mchungaji akirefusha mahubiri, Ardis humwambia palepale, naye bado yuko mimbarini. Miaka thelathini na mmoja ndani ya nyumba ile, Lavonne hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote, kwa sababu kulikuwa na Ardis wa kukataa. Sasa wiki sita Ardis hayupo, na Lavonne alikuwa ameshanunua mashine mbili za kusafishia zulia kutoka kwa wachuuzi waliobisha hodi, na amekubali kumlelea jirani sungura kumi na mmoja.

"Nenda ukamwambie mmoja wao arudi kwake," Kurt akasema.

"Nenda wewe."

Wakatazamana, kisha wote wawili wakamimina kahawa nyingine.

Nje, Myron alishuka kwenye pikapu yake akikunja na kukunjua vidole. Ni seremala wa miaka sitini na saba, sauti nzito ya kwaya yetu. Reino naye akashuka kwenye yake. Huyu ni wa ukoo wa Wafini, mrefu, hamsini na ushee, na maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole ukabakiza vidole. Wakaangaliana. Kila mmoja akaona mwenzake amekuja na misumeno na mbao mpya, na kila mmoja moyo ukamshuka. Kumbe kazi amepewa huyu! Mimi nimekuja kudandia kazi ya watu!

Mtu wa pengine angeuliza. Myron hakuuliza, maana kuuliza kungeonekana kama kumwambia Reino aondoke. Kugeuza gari arudi nako kungeonekana amenuna. Reino alipiga hesabu hiyohiyo na jibu lake likawa hilohilo. Basi kila mmoja akaamua moyoni kumsaidia mwenzake bure siku moja mbili, aibu imwishe.

"Naona umefika," akasema Myron.

"Ndiyo."

"Tuanzie wapi?"

"Popote unapoona panafaa."

Myron akajisemea: bosi muungwana huyu, anamwachia msaidizi achague. Reino akajisemea: bosi muungwana huyu, anamwuliza msaidizi maoni. Wakachukua mitaimbo.

Kubomoa hakuhitaji bosi, kwa hiyo kulikwenda vizuri ajabu. Kufika adhuhuri kibaraza cha zamani kilikuwa rundo la mbao zilizooza, na mlango wa mbele wa kina Hovland ulikuwa unafungukia hewani, futi nne kutoka ardhini. Kurt aligongomea ubao mmoja kukinga watu wasitoke wakaruka. Kuanzia hapo wakawa wanapita mlango wa nyuma, kwenye ngazi za ghala ya chini, katikati ya sungura.

*

Jumanne walisimamisha nguzo na boriti. Mchana wakafika kwenye mbao za sakafu, na hapo ndipo adabu ilipoanza kufanya kazi yake.

"Mbao zako nzuri," Myron akasema. Mbao za Reino zilikuwa nyembamba, nyekundu.

"Zako ndizo nzuri," akasema Reino. Za Myron zilikuwa pana, nyeupe.

"Hapana, hapana. Tutumie zako."

"Tutumie zako."

Wakasukumana hivyo kama robo saa. Mwisho, kwa kumheshimu mwenzake, Myron akaanza kupigilia mbao nyembamba za Reino kutoka kushoto, na Reino, kwa kumheshimu Myron, akaanza kupigilia mbao pana za Myron kutoka kulia. Kila mmoja akidhani upande wa mwenzake ndio ramani yenyewe. Walipokutana katikati, sakafu ilikuwa kama shati lililofungwa vifungo vibaya. Wakarudi nyuma hatua mbili, wakatia mikono mifukoni, wakatazama.

"Si mbaya," akasema Myron.

"Nimeona mbaya zaidi," akasema Reino.

Lavonne alitoka mlango wa nyuma na keki ya shayiri na chokoleti, kama alivyofanya kila siku saa kumi, vipande kumi na viwili kwenye sinia. Aliiona sakafu. "Lo," akasema, "hiyo ni ya aina yake!" Na huku kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mafundi wote wawili waliinamisha macho, kila mmoja akimwonea huruma bosi wake.

Vipande kumi na kimoja vililiwa. Cha kumi na mbili, kama ilivyo ada, hakuna aliyekigusa kizima. Myron akakikata nusu akala nusu. Reino akakata nusu ya nusu. Kurt akaja kutoka gereji, akakata nusu ya iliyobaki. Kikabaki kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti, kikalala kwenye sinia mpaka jua lilipozama, kila mtu akikitamani na kukipita. Mwisho Lavonne akawamwagia ndege.

*

Jumatano ilikuwa siku ya ngazi. Ngazi ingeweza kuelekea gereji, au ingeweza kuelekea bustanini.

"Wewe unaonaje?" akauliza Myron.

"Kote kuzuri," akasema Reino. "Wewe?"

"Mimi sina neno. Unavyopenda."

Mikono mifukoni. Kurt akaja akasimama nao, naye mikono mifukoni. Kurt huendesha greda la kusafishia theluji, na kiangazi hana kazi ya maana, lakini hakutaka kuwaingilia wataalamu. Wakatazama upande wa gereji kitambo. Wakageuka wakatazama upande wa bustani. Pimamaji lilikuwa sakafuni limelala, kiputo chake katikati kabisa. Mbu wakawala. Reino akasema mvua huenda ikanyesha. Myron akasema huenda isinyeshe. Basi ikafika saa kumi, keki ikatoka, na siku ikaisha.

*

Alhamisi saa mbili Myron aliingia jikoni kunawa mikono, akachelewa kuondoka. Alikuwa na jambo.

"Bi Lavonne, huyo Reino ni fundi hodari," akasema. "Sitaki uniwazie vibaya."

"Siwezi, mzee Myron."

"Ila ni mzito wa kuamua. Mimi ni msaidizi tu hapa, siwezi kumpita mwenye kazi. Lakini kama ungempenyezea neno kuhusu ngazi..."

Lavonne alishika ukingo wa sinki. Kabla hajajibu, Myron alikuwa ameshatoka. Hazikupita dakika kumi Reino akaingia, akanawa mikono, akatazama dari.

"Myron ni mtu mwema," akasema.

"Sana."

"Bosi mwema." Akakohoa. "Polepole, lakini."

Akatoka. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia tangu Jumatatu. Lavonne aliketi kwenye kiti cha karibu. Kicheko kilimpanda na kilio kikampanda, vikakutana kooni, akabaki anatetemeka mabega peke yake jikoni. Siku nne! Wanaume wawili wazima, kila mmoja anamngoja mwenzake atoe amri! Na angesemaje? Akimwambia Myron yeye ndiye bosi, Reino ataaibika. Akimwambia Reino, Myron ataaibika, na Jumapili Lavonne atakaa naye benchi moja kanisani.

Simu ikalia. Alikuwa Ardis.

"Ngazi zipo?"

"Zinakuja, mama."

"Zinatoka wapi, Norwe?"

"Mafundi ni wazuri sana. Ni vile tu... kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye kazi."

"Na mwenye kazi ni nani?"

"Ndiyo shida yenyewe."

"Lavonne, nyumba ni ya nani? Kibaraza ni cha nani?"

"Mama, mimi siwezi. Wewe unajua siwezi. Ongea nao wewe, nitawapa simu."

"Sitaongea nao ng'o! Nina nyonga ya chuma, ninakula jeli ya kijani, na jirani yangu wa kitanda anaimba usiku kucha. Kila mtu abebe mzigo wake." Kisha sauti yake ikapungua. "Wameshaniletea fomu ya Karlsby. Nimeiweka chini ya mto. Wanaitaka kesho."

Akakata simu. Lavonne akaweka simu chini. Kisha akaenda zake chini kuwalisha sungura, na alipokuwa akiwalisha akawaeleza kila kitu alichotaka kuwaambia mafundi, kwa sauti, neno kwa neno. Sungura walimsikiliza vizuri sana. Alipanda juu akafungua dirisha, akawaambia mafundi, "Kazi inaendelea vizuri!" Akalifunga, akajipiga kofi la paja.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi simu ililia tena. Alikuwa muuguzi, Bi Petrich. Samahani sana, ratiba imebadilika, angekuja saa saba badala ya saa tisa, je, kuna usumbufu wowote?

"Hapana, hakuna usumbufu wowote," Lavonne akasema. Akaweka simu chini. Akatazama nje. Myron na Reino na Kurt walikuwa wamesimama mbele ya kibaraza kisicho na ngazi, mikono sita mifukoni.

Aliufungua mlango wa mbele. Ubao wa Kurt ulikuwa umeshang'olewa, sasa kulikuwa na sakafu, ile ya ajabu. Akatembea juu yake mpaka ukingoni, futi nne juu ya ardhi waliposimama wanaume, akiwa na aproni na slipa.

"Toeni mikono mifukoni!"

Wakaitoa. Hakuna aliyejua sauti ile imetoka wapi. Kurt aligeuka akatazama nyuma, akidhani mama yake amerudi.

"Sikilizeni. Myron, hufanyi kazi ya Reino. Reino, hufanyi kazi ya Myron. Niliwaita wote wawili, nikadhani mmekataa, mkaja, nikaona haya kuwaambia. Kosa ni langu na limekwisha. Mnafanya kazi yangu mimi. Mtalipwa wote na mtapokea, sitaki kusikia habari za kusaidiana!"

"Aa, mimi nilikuwa tu—" Myron akaanza.

"Nyamaza, Myron. Ngazi inaelekea gereji, maana gari litasimama pale na mama hawezi kuzunguka bustani nzima. Myron, kata vidato, vifupi, inchi sita, si zaidi. Reino, vishikio, pande mbili, viwe vya kushikika na mkono wa kizee. Kurt!"

"Naam!"

"Unajua kubeba?"

"Kubeba najua."

"Basi beba! Anakuja saa saba. Na mimi nataka mama yangu alale kwenye kitanda chake leo. Leo! Mmenisikia?"

Walimsikia mpaka kwa majirani. Lavonne akangoja mbingu ianguke. Haikuanguka. Nyuso za wale mafundi wawili zilifunguka zikawa za vijana wa miaka ishirini.

"Gereji," akasema Myron, "mimi nilisema gereji tangu Jumatano, ila moyoni!"

"Nami!" akasema Reino.

"Si ungesema!"

"Si ungeuliza!"

"Misumeno!" Lavonne akapiga kelele toka juu, na misumeno ikalia.

Hatujawahi kuona kazi namna ile hapa Nordby. Vumbi la mbao liliruka kama theluji. Reino alipiga mluzi, mtu ambaye mkewe mwenyewe hajawahi kumsikia akipiga mluzi, na Myron akaingiza sauti nzito chini yake. Kurt alibeba mbao mbilimbili akikimbia, akateleza, akainuka, akaendelea kukimbia. Lavonne alishuka kupitia ghala, akapakia kitu kwenye gari la Kurt, akaondoka bila kuaga. Baada ya dakika ishirini akarudi, mashavu mekundu, akachanganya keki.

Saa saba kasoro dakika nne Reino alikaza skrubu ya mwisho. Saa saba kamili gari jeupe likaingia, na kabla Bi Petrich hajazima injini, mlango wa abiria ukafunguka, fimbo ikatangulia, kisha kiatu kikubwa cha mazoezi.

"Nilimwambia abaki," Bi Petrich akasema, amechoka. "Akasema nisipomleta ataimba usiku kucha na yule jirani yake."

Bi Petrich alipima kidato kwa utepe. Akakitikisa kishikio cha kulia, akakitikisa cha kushoto, akaning'inia kabisa. Myron alijifuta jasho kwa kofia. Reino alikuwa amefumba macho.

"Imara," akasema Bi Petrich. Akaandika.

Ardis akapanda. Kidato cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu alisimama. Akakigonga kwa fimbo mara mbili. Akapanda cha nne na cha tano na cha sita na cha saba, akasimama juu ya sakafu, akaitazama: nyembamba nyekundu kushoto, pana nyeupe kulia, na pale katikati zilipogombana.

"Ni mbaya," akasema.

Loo, raha iliyoje! Myron alicheka mpaka akashika nguzo. "Mbaya sana!" akasema. "Mbaya kupita kiasi," akasema Reino, machozi yanamtoka. Siku nne walikuwa na neno hilo kifuani.

"Nani alikuwa bosi hapa?" akauliza Ardis.

Wanaume watatu, bila kutazamana, wakamwonyesha Lavonne kwa kidole.

Ardis alimtazama mkwewe kutoka slipa mpaka nywele zilizojaa vumbi la mbao. Akatoa fomu ya Karlsby mfukoni mwa sweta, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa kiti kilichokuwa kinachezacheza, akakikalia. Kahawa ikaja. Keki ikaja, ingali moto. Wakala wamesimama, wamekaa, wakichekea sakafu, hata Bi Petrich akala vipande vitatu na kusahau ratiba yake. Mwisho kikabaki kipande kimoja katikati ya sinia. Mazungumzo yakapungua. Kurt akachukua kisu.

"Weka kisu chini," akasema Lavonne.

Akakichukua kipande chote. Akakitia mdomoni mbele ya watu, akakitafuna, akakimeza, akalamba kidole gumba. Bi Petrich alitazama pembeni kwa heshima.

"Ehee," Ardis akasema. "Na kesho utarudisha wale sungura."

"Nimewarudisha saa tano."

"Wote kumi na mmoja?"

"Nilimwambia jirani sikuwahi kuwataka."

Ardis aliuzungusha mpini wa fimbo yake. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ndogo, si ya kwake. "Basi mimi mmenirudisha wa nini?"

"Wa kukaa na mimi," akasema Lavonne.

Na Ardis Hovland, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alitafuta la kusema akalikosa. Akasogeza kikombe chake mbele, Lavonne akakijaza.